Kaole: Mji Uliojengwa kwa Matumbawe

Ukitoka Bagamoyo mjini na kufuata njia ya kusini, baada ya kilomita kama 5 utafika Kaole. Kwa baiskeli ni mwendo mfupi. Utapita minazi kulia na kushoto. Bahari iko karibu upande wa mashariki, ingawa huioni. Kisha, chini ya miti, utaona kuta. Hazina paa wala milango. Ni kuta za mawe ya kijivu, na kando yake kuna makaburi mengi.

Hayo ni magofu ya Kaole. Gofu ni jengo la kale lililobomoka. Hapa kuna magofu ya misikiti 2 na makaburi kama 30. Baadhi ya makaburi yana nguzo za mawe, ndefu kuliko mtu. Wataalamu wanasema majengo haya ni ya kati ya karne ya 13 na karne ya 16. Maana yake ni kwamba mengine yalisimama hapa kabla Mreno wa kwanza hajaiona pwani yetu mwaka 1498. Mwaka 1958 mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, alichimba mahali hapa ili kuchunguza. Vyombo kutoka China vilivyopatikana Kaole vinaonyesha kwamba wenyeji walifanya biashara na watu wa nchi za mbali. Vitu kadhaa vya kale vimewekwa katika nyumba ndogo ya makumbusho hapo hapo.

Watu huja Kaole kwa sababu nyingi. Wengine huja kuomba dua kaburini. Wengine huja kuuona mbuyu mkubwa wa kale. Watoto wa shule huja na walimu wao kujifunza historia. Mimi nilikwenda kutazama mawe.

Ndugu msomaji, ukifika, sogea karibu na ukuta ulitazame jiwe moja vizuri. Usilibandue. Tazama tu. Utaona vitundu vidogo vingi, vimepangwa karibu karibu kama sega la nyuki. Jiwe la mlimani halina vitundu vya namna hiyo. Kila kitundu kilikuwa nyumba ya kinyama cha baharini. Mji huu ulijengwa kwa matumbawe.

JIWE LENYE UHAI

Watu wengi hudhani kwamba tumbawe ni jiwe tu. Wengine hudhani ni mmea, kwa kuwa wameona matumbawe yenye matawi. Ukweli ni kwamba tumbawe ni kazi ya vinyama vidogo. Katika matumbawe mengi kinyama kimoja ni kidogo kuliko punje ya mchele. Kina mwili laini, kina mdomo mmoja, na kina mikono midogo kuuzunguka mdomo huo. Hakitembei. Hutoa chokaa mwilini mwake na kujijengea kikombe kigumu cha kukaa. Vinyama vipya hujenga juu ya vikombe vya zamani. Miaka inapita, na jiwe linakua.

Ndani ya mwili wa kinyama hicho huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, kama yanavyofanya majani ya muhogo shambani kwako. Kinyama hupata humo sehemu kubwa ya chakula chake. Kwa hiyo tumbawe linahitaji mambo matatu: maji ya vuguvugu, maji ya chumvi, na maji safi yanayopitisha mwanga.

Ndiyo sababu huwezi kuona matumbawe mengi mahali mto mkubwa unapoingia baharini. Kaskazini ya Bagamoyo, mto Ruvu unamwaga maji yenye tope. Tope huzuia mwanga, kisha hutua juu ya matumbawe na kuyafunika. Mvuvi wa Bagamoyo anayetaka samaki wa mwambani hupanda ngalawa akaenda mbali na ufuko, kama vile Mwambakuni.

Je, tumbawe hukua upesi? Yako yenye matawi ambayo huweza kurefuka sentimita 10 au zaidi kwa mwaka. Lakini tumbawe la mviringo, lile gumu kama kichwa, hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Panda mnazi leo. Baada ya miaka 6 au 7 utaanza kuangua nazi. Tumbawe lililoanza siku hiyo hiyo litakuwa na urefu wa kidole chako. Tumbawe lenye urefu wa mita 1 lina umri wa miaka 100 hivi. Wewe hukuliona likianza, na baba yako pia hakuliona.

MAFUNDI WA ZAMANI

Mafundi wa pwani walitumia mawe ya aina mbili. La kwanza ni jiwe la nchi kavu. Zamani sana, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, maji ya bahari yalikuwa juu kuliko sasa. Mahali penye minazi leo palikuwa na mwamba ulio hai. Maji yaliposhuka, mwamba ukabaki juani ukawa jiwe gumu lenye ncha. Hilo ndilo jiwe la kujengea ukuta.

La pili lilikatwa majini likiwa hai. Fundi alichagua lile tumbawe la mviringo, kwa sababu likiwa bichi ni laini. Alilichonga mapema, kabla halijakauka. Likikauka huwa gumu. Kwa jiwe hili walitengeneza kazi za urembo, kama kingo za milango na mihrabu, yaani mahali anaposimama imamu.

Na mawe yalishikana kwa kitu gani? Kwa chokaa, nayo pia ilitoka katika matumbawe. Walikusanya rundo kubwa la magogo, wakapanga vipande vya matumbawe juu yake, wakawasha moto. Mawe yakaungua mpaka yakawa meupe. Baadaye yalipata maji au umande, yakavunjika yakawa unga. Unga ule ukichanganywa na mchanga hushika kweli kweli. Kuta za Kaole ni ushahidi.

Lakini tazama hesabu yake. Tanuri moja hula matumbawe, tena hula miti. Siwalaumu wazee wa Kaole. Walikuwa watu wachache, na bahari yao ilikuwa kubwa. Taabu ni kwamba kazi hiyo haikuisha pamoja nao. Katika kisiwa cha Mafia watu walikuwa bado wanang'oa matumbawe baharini kwa ajili ya chokaa katika miaka ya 1990, na wakati huo watu walikwisha kuwa wengi.

BANDARI ILIYOOTA MITI

Toka kwenye magofu uelekee baharini. Utakutana na msitu wa mikoko. Mahali hapo palikuwa bandari. Vyombo vilitia nanga, bidhaa zikapanda na kushuka. Pole pole mchanga na tope vikajaa, mikoko ikaota juu yake, na vyombo vikashindwa kuingia. Biashara ikahamia Bagamoyo. Katika karne ya 19 Bagamoyo ikawa mji mkubwa wa misafara ya kwenda Tabora na Ujiji. Wajerumani wakaufanya makao makuu ya utawala wao mpaka mwaka 1891. Kaole ikabaki na mawe yake.

Kwa hiyo mtu anaweza kusema mikoko iliiua Kaole. Mimi sikubali sana. Tope lilikuja lenyewe, mikoko ililikamata tu. Na hiyo ndiyo faida yake mpaka leo. Tope linalonaswa na mizizi ya mikoko halifiki kwenye matumbawe. Kadhalika, kamba wadogo na samaki wachanga hujificha katika mizizi hiyo mpaka wakue. Anayekula kamba wa Bagamoyo anakula matunda ya msitu huo.

WENZETU WA KOMORO

Kaole iko bara. Nyuma yake kuna nchi pana. Mtu akikosa samaki anaweza kulima muhogo. Wako wenzetu wasio na nafasi kama hiyo. Nao ni watu wa visiwa vya Komoro, kusini mashariki ya Mtwara. Lugha yao ni ndugu ya Kiswahili, na tangu kale wamefanya biashara na pwani yetu.

Visiwa vyao ni vya volkeno, yaani vimezaliwa na moto wa chini ya ardhi. Mawe yaliyoyeyuka yalitoka chini ya bahari, yakarundikana mpaka yakatokeza juu ya maji. Katika kisiwa cha Ngazija mlima huo haujalala. Unaitwa Karthala, na kimo chake kinapita mita 2,300. Mwaka 2005 ulilipuka, na majivu yake yakachafua maji ya kunywa vijijini. Jambo hilo lilikuwa zito, kwa sababu Ngazija haina mito. Mvua ikinyesha, maji huzama katika mawe yenye matundu. Watu wengi hutegemea maji ya mvua waliyoyahifadhi katika mabirika.

Kisiwa cha namna hiyo kikizaliwa, matumbawe hushika kando yake kama mkanda. Miaka mingi ikipita, mlima huanza kuzama pole pole kwa uzito wake. Matumbawe yanapenda mwanga, basi hayakubali kuzama. Hujenga kwenda juu kila mlima unaposhuka. Mwisho wake mwamba husimama mbali na ufuko, na katikati hubaki maji yaliyotulia. Mwingereza aitwaye Charles Darwin alieleza habari hii katika kitabu cha mwaka 1842. Ukitaka kuiona kwa macho, linganisha visiwa viwili. Ngazija bado ni kijana, na matumbawe yake ni ukanda mwembamba karibu na nchi kavu. Mayotte, iliyo chini ya Ufaransa, ni mzee. Mwamba wake umekizunguka kisiwa kwa mbali kama ua unavyozunguka nyumba.

Watu wa Ngazija walikuwa na mawe meusi ya moto ya kutosha kujengea. Hata hivyo chokaa yao ilitoka katika matumbawe, na mchanga wa kujengea waliuchota pwani. Fukwe nyingine zikaisha mchanga kabisa. Ufuko ukiisha, wimbi huja mpaka mlangoni.

SHAMBA LISILOLIMWA

Turudi Kaole. Mwamba una faida gani kwa mtu wa hapa, ambaye sasa anaweza kujenga kwa matofali na saruji?

Kwanza, wimbi kubwa likitoka baharini hupigana na mwamba, na likifika pwani huwa limechoka. Pili, mchanga mweupe mnaoukanyaga umetoka huko kwa sehemu kubwa. Yuko samaki aitwaye pono, mwenye mdomo kama wa kasuku. Pono huguguna mawe ya matumbawe ili apate majani madogo yaliyoota juu yake. Jiwe husagwa kooni mwake, na hutoka nyuma likiwa mchanga. Wanaochekeshwa na habari hii wacheke, lakini ni kweli.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mwamba ni nyumba ya kitoweo. Changu, tasi, chewa, pono, pweza na kamba wakubwa hupata humo chakula na maficho. Bahari yenye mchanga mtupu haina samaki wengi, kama vile mtaa usio na nyumba usivyo na watu.

Pwani nilimkuta mzee mmoja akitengeneza dema. Dema ni mtego wa kusuka wenye mlango mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani. Samaki huingia, asijue kutoka.

"Shikamoo mzee," nilimwambia.

"Marahaba mwanangu. Karibu ukae."

Kando yake palikuwa na mawe mawili, makavu, ya kulizamisha dema lake. Nikamwuliza kwa nini anabeba mawe kutoka nchi kavu, na huko aendako mawe yamejaa.

"Ya huko yana wenyewe," akajibu. "Wapo wanaovunja tumbawe wakalaza juu ya dema. Siku ile atapata samaki. Mwaka wa pili atarudi pale pale akute mchanga."

Nikamwuliza kama samaki ni wengi kama alipokuwa kijana. Alicheka kidogo, akaendelea kusuka.

Kusini ya Kaole, baada ya Mbegani penye chuo cha uvuvi, kuna kijiji cha Mlingotini. Huko akina mama hulima mwani baharini. Wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba, na baada ya wiki chache huvuna na kuanika. Kazi hiyo inataka maji yaliyotulia. Mahali mawimbi yanapopiga kwa nguvu, kamba hukatika na mwani huchukuliwa.

MLIO WA BARUTI

Adui mbaya wa mwamba katika nchi yetu amekuwa baruti. Uvuvi huu ulianza miaka ya 1960. Mtu hutupa baruti majini, ikalipuka, samaki wakafa wote, wakubwa na wachanga. Wengine huelea, wengine huzama wakaoza bure. Na mwamba huvunjika vipande vipande. Ubaya wake haupo katika siku ile tu. Vipande vilivyovunjika huviringishwa na maji huku na huku. Kinyama kichanga cha tumbawe kinatafuta mahali palipotulia pa kushika, hakipati. Mahali palipolipuliwa panaweza kukaa miaka mingi bila kupona.

Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 inakataza baruti na sumu. Lakini kwa miaka mingi baada ya hapo milio iliendelea kusikika, hata karibu na Dar es Salaam. Ilipungua sana baada ya mwaka 2015, pale vyombo vya Serikali vilipoanza kufanya kazi pamoja: polisi, idara ya uvuvi na wengineo. Sababu mojawapo ya kuchelewa ilikuwa sisi wenyewe wananchi. Mvuvi wa baruti alikuwa na jirani, na jirani alijua. Samaki wake waliuzwa sokoni mchana kweupe, na tulinunua kwa kuwa walikuwa rahisi.

Liko pia kokoro, ule wavu wa macho madogo unaoburuzwa chini. Huzoa samaki wachanga, na ukipita penye matumbawe huyavunja.

MWAKA WA MAJI MOTO

Hata hivyo liko jambo lisilozuiwa na doria. Mwanzoni mwa mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kuliko kawaida. Tumbawe linapenda vuguvugu, lakini halivumilii joto likizidi hata nyuzi 1 au 2 kwa wiki kadhaa. Ile mimea midogo iliyomo ndani yake hutoka. Rangi yote hupotea, na tumbawe huwa jeupe kama mfupa. Bado halijafa, lakini lina njaa. Maji yakipoa mapema hupona. Yasipopoa, hufa.

Mwaka ule matumbawe mengi yalikufa tangu Kenya hadi Mafia na Komoro. Joto la namna hiyo lilirudi mwaka 2016, na tena mwaka 2024. Chanzo chake ni kwamba dunia yote inapata joto kwa ajili ya moshi wa viwanda, magari na mitambo, na sehemu kubwa ya moshi huo hutoka nchi tajiri. Mvuvi wa dema hana kiwanda. Hata mwani umepata taabu. Ile aina iitwayo kotonii, yenye bei nzuri, huugua na kufa maji yakizidi joto.

Basi kuna maana gani kuulinda mwamba ambao joto linaweza kuuua? Iko maana. Baada ya mwaka 1998 miamba mingine ilirudi kuota, hasa mahali ambapo haikuvunjwa na pono na wenzake walikuwapo. Samaki hao hula majani yanayofunika mawe, na tumbawe changa likapata pa kushika. Mahali palipokwisha kuvuliwa samaki wote, majani yalitawala.

KUFUNGA MWAMBA

Mkoani Tanga, kuanzia miaka ya 1990, vijiji kadhaa vilikubaliana kufunga baadhi ya miamba yao. Hakuna kuvua pale, na wenyeji wenyewe hulinda. Si jambo rahisi. Mtu mwenye watoto ukimwambia asivue mahali alipovua babu yake, atakuuliza wale nini kesho. Swali hilo ni la haki.

Kwa pweza liko jibu linaloonekana upesi. Pweza huishi muda mfupi, mwaka mmoja hivi, tena hukua haraka mno. Mwaka 2004 wavuvi wa Andavadoaka, nchini Madagaska, walifunga mwamba mmoja kwa miezi 7. Walipoufungua walikuta pweza wakubwa. Habari zikaenea. Huku kwetu wamefanya hivyo Kisiwa Panza, Pemba, na Songosongo, wilaya ya Kilwa. Kijiji hukutana na kuchagua sehemu moja tu ya mwamba, siyo yote, ili watu wapate pa kuvua wakati wa kungoja. Huweka alama, huchagua walinzi, na huhesabu miezi, mara nyingi 3. Siku ya kufungua hupangwa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana. Asubuhi hiyo wanaume kwa wanawake huingia pamoja, na mizani huwa tayari pwani.